Uchambuzi wa Kazi: Binti wa Chemchem Chuoni Moshi



Msimu ukianza, sote twajua kuwa mambo mawili huja pamoja: fedha, na khabari za walioanguka. Mkarafuu ni mti mrefu, hufika futi 40 na kuzidi, na tawi lake hukatika upesi kuliko linavyoonekana. Mchumaji hupanda na kamba yake, na upembo wake wa kuvutia vishada vilivyo mbali na mkono, na siku moja tawi humkatikia. Asiyekufa hupelekwa hospitali. Huko mifupa huungwa na vidonda hufungwa, na baada ya miezi hurejeshwa kwao. Hapo ndipo sisi wenye mashamba tunapomaliza khabari yake. Twasema, "Alhamdulillahi, amepona." Mwaka ukirudi hatumuoni shambani, wala sokoni, wala barazani kwa wenziwe, na tukimuuliza twaambiwa yumo ndani.

Juu ya huyo aliyemo ndani ndiyo nataka kuandika. Kuna elimu nzima iliyowekwa kwa ajili yake, na wengi wetu hatujapata kuisikia. Mimi niliifahamu si hapa kisiwani bali Tabora, katika mtaa wa Chemchem, na aliyenifahamisha ni msichana ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka wake wa kwanza chuoni.

Kwanza niseme kwa nini mtu wa karafuu akafika Unyanyembe. Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Mizigo ya nguo na shanga ilitoka Bagamoyo ikafika hapo, na kutoka hapo njia ziligawanyika, moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wa pwani wamekwisha jenga na kukaa. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa frasila mbili hivi, na frasila hiyo ndiyo ile ile ya ratili 35 ambayo wazee wetu walipimia karafuu. Baadaye utumwa ulipofutwa hapa Unguja na Pemba, mwaka 1897, mashamba yakapungukiwa na watu wa kupalilia, na katika waliokuja kwa mshahara walikuwamo Wanyamwezi wengi. Babu wa mume wa shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alipalilia Pemba misimu kadhaa, akarudi kwao, lakini ujamaa ukabaki, mpaka katika zama zetu shangazi akaolewa huko. Mimi nilikwenda kwa boti, kisha kwa ile treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kisha kwa basi, na nikafika na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Chemchem ni kata ya mjini Tabora. Jina ni la maji, lakini nilipofika ilikuwa kiangazi na nilichokiona ni mchanga na miembe mikubwa. Nyumba zake zina baraza mbele na uwani nyuma, na mtu wa kwetu hahisi ugeni. Nilipoambiwa kesho yake kuwa tutapita Ng'ambo nilicheka, nikidhani watania. Kumbe Tabora nayo ina Ng'ambo yake. Asali wanayo kama sisi tulivyo na karafuu. Huko msituni, katika miombo, watu hutundika mizinga juu ya miti, mingine ya magogo na mingine ya magome, na ufugaji huo ni wa tangu na tangu.

Basi na huko pia watu huanguka.

Nduguye mume wa shangazi, ambaye watoto wa nyumba ile humwita baba mdogo, alikuwa mfuga nyuki. Alianguka akipandisha mzinga wa gome. Wenzake wawili walimkuta anazungumza vizuri, akili zake timamu, ila alisema hazisikii nyayo zake. Kwa mapenzi yao wakamwinua, mmoja kwapani na mmoja miguuni, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshika, wakaenda naye hivyo kwa njia ya msitu mpaka penye gari. Hakuna awezaye kusema kama madhara yalikwisha kamilika pale chini ya mti au kama yalizidi njiani. Lakini sasa najua, na kila mwanachama apaswa kujua, kwamba aliyeanguka kutoka juu hainuliwi hivyo. Uti wa mgongo ukivunjika, ndani yake mna mshipa mkuu wa fahamu, na mfupa uliovunjika ukipindishwa huweza kuukata mshipa ambao bado ulikuwa mzima. Mtu huyo huachwa alale kama alivyo, kichwa kishikwe kisigeuke, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja na kwa usawa, wamlaze juu ya kitu kigumu kilichonyooka. Kitanda cha kamba hakifai, kwani hulegea katikati. Ubao wafaa, na mlango uliong'olewa wafaa.

Hospitali iliyompokea siitaji. Ilifanya yake kwa mifupa, kisha ikampa ruhusa bila ya kumwambia mtu yeyote wa nyumbani namna ya kuishi na miguu isiyosikia. Akalazwa chumba cha uwani. Hazikupita wiki nyingi akatokwa na vidonda vya kulalia makalioni na visiginoni, na kwa kuwa hakusikia maumivu, havikugunduliwa mpaka viliponuka. Aliyevigundua ni yule msichana, kitinda mimba wa shangazi yangu, akiwa bado sekondari. Yeye na mama yake ndio waliomuuguza. Walipompeleka hospitali nyingine kwa ajili ya vidonda, msichana alimwona mtu mmoja, hakuwa daktari wala muuguzi, anamfundisha mgonjwa kuteleza juu ya kipande cha ubao kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu, peke yake, pasipo kushikwa. Akamwuliza, "Kazi yako yaitwaje?" Akajibiwa. Hapo moyo wake ukatua.

Kizungu chake ni okyupeshenali therapi. Kwa Kiswahili wengine husema tiba kazi, wengine tiba kwa vitendo, na mimi nitashika hili la pili kwa sababu la kwanza huwafanya watu wadhani ni dawa ya uvivu. Maana yake ni hii. Mtu aliyevunjika, au aliyepooza kwa kiharusi, au mtoto aliyezaliwa na viungo visivyomtii, au mtu aliyeguswa na maradhi ya akili, husaidiwa kurudi katika shughuli zake za kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kupika, kulima, kusoma, kucheza, kukaa na watu. Aliye mtaalamu wa mazoezi ya viungo hushughulika zaidi na nguvu na mwendo wa kiungo chenyewe. Huyu wa vitendo huuliza: kiungo hicho wakitakia nini? Na kama hakitarudi, tupite njia ipi ili jambo lenyewe lifanyike?

Si elimu ya kale sana. Chama chake cha kwanza kilianzishwa Marekani mwaka 1917, na vita ile kuu ya kwanza, iliyorudisha makwao maelfu ya vijana wasio na viungo, ndiyo iliyoipa kazi. Uingereza, daktari wa kike aitwaye Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza, Dorset House, mjini Bristol, mwaka 1930. Shirikisho la dunia la watu wa kazi hii liliundwa mwaka 1952. Kwa majirani zetu wa Kenya mafunzo yalianza miaka ya 1960 mjini Nairobi, na kwetu Tanzania kwa miaka mingi aliyetaka kuisomea alikwenda Moshi, katika hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapo hapo pana na chuo cha kufundisha utengenezaji wa viungo vya bandia, tangu 1981, basi mwanafunzi wa tiba kwa vitendo huonana kila siku na yule atengenezaye mguu ambao yeye atamfundisha mtu kuutumia.

Msichana alipomaliza sekondari alikuwa na alama za kutosha za biolojia, kemia na fizikia. Barua ya kukubaliwa ilipofika Chemchem haikuleta vigelegele. Baba yake alitaka awe muuguzi, kazi ambayo kila mtu anaijua na mshahara wake unajulikana. Majirani walisikia neno "vitendo" wakadhani anakwenda kusuka vikapu. Shangazi alisema waziwazi, "Miaka mitatu, na ada yote ile, kujifunza kumvisha mtu shati?" Neno hilo lilimuuma mtoto, nami nililisikia kwa kinywa chake mwenyewe mwaka mzima baadaye, alipokuja nyumbani likizo na kunikuta nimekaa barazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nasikia umekuwa daktari wa mashati."

Hakukasirika. Alikwenda ndani akamleta mama yake, akamwomba radhi, akaufunga mkono wake wa kulia kwa kanga ukabana na mwili, kisha akamwambia, "Mama, sasa vaa gauni lako." Shangazi ni mwanamke mzima, mwenye nguvu na maneno. Alianza kwa kucheka. Aliingiza kichwa, akaingiza mkono mzima, na ule uliofungwa ukabaki nje na gauni limekwisha mbana kifuani. Alivuta, alizunguka, alikaa chini. Kicheko kikaisha. Hapo binti akamwonyesha: mkono mgonjwa huvikwa kwanza, mzima hufuata, na wakati wa kuvua, mzima hutoka kwanza na mgonjwa mwisho. Shangazi akavaa. Halafu akasema kwa sauti ya chini kuwa jirani yao mmoja, aliyepata kiharusi, amekaa na shuka moja kwa miezi kwa sababu kila akivishwa analia, na wanaomvisha wanadhani ni ujeuri.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu naamini wako kati yetu watakaouliza swali lile lile la shangazi.

Sasa khabari za kuanza chuo. Kutoka Tabora kwenda Moshi ni safari ya basi kupitia Nzega, Singida, Babati na Arusha, na mtoto wa Chemchem alikuwa hajapata kuvuka Singida. Alikuwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, chandarua, na chupa mbili za asali ambazo baba mdogo alisisitiza azichukue. Kitu cha kwanza kilichomshinda Moshi ni baridi ya alfajiri. Cha pili ni lugha. Masomo yote ni kwa Kiingereza, na juu ya Kiingereza yamewekwa majina ya Kilatini ya mifupa na misuli. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na 27 kati yake imo katika kila mkono, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole. Aliniambia kuwa wiki za mwanzo alilia usiku. Nikamwuliza alifanyaje mpaka akaishika. Akasema, "Kama chuoni kwa maalim, kaka. Kwa sauti, na mwenzangu ananisikiliza." Nilifurahi kusikia kuwa ile njia yetu ya kuhifadhi, ambayo baadhi ya wasomi huidharau, imemfaa mtu kwa mifupa ya mkono.

Pamoja na mwili husoma nafsi ya mtu na jamii yake, maana mtu mwenye miguu iliyokufa si miguu tu. Na katika mwaka huo huo wa kwanza huanza kusoma jambo ambalo mimi nililiona ndilo roho ya kazi yote, na ambalo sisi watu wa karafuu tulipasa kulifahamu kuliko mtu mwingine, kwa kuwa hata jina lake ni letu. Huitwa uchambuzi wa shughuli. Jioni za msimu wake zetu na watoto wetu huketi ukumbini kuchambua karafuu, kutenga karafuu na makonyo, kishada kwa kishada. Basi mwanafunzi wa tiba kwa vitendo hukifanyia hivyo kitendo. Mwalimu aliwapa kazi ya kuchambua kutengeneza chai. Wanafunzi wakaandika hatua tano. Akawarudishia. Wakaandika kumi na mbili. Akawarudishia tena. Je, birika huinuliwa kwa mkono mmoja au miwili? Likiwa na maji kiasi gani? Aliyesimama huegemea wapi? Jicho hujuaje kikombe kimejaa? Akili hukumbukaje kuwa sukari imekwisha tiwa? Chai ikawa kurasa tatu. Mwenye kujua hatua hizo zote ndiye awezaye kusema ni hatua ipi iliyomshinda mgonjwa, na hiyo moja akaitengenezea njia. Asiyezijua hutazama tu akasema, "Hawezi."

Siku nyingine waliketishwa kila mmoja katika kiti cha magurudumu, wakaambiwa wazunguke eneo lote mpaka jioni, pamoja na kwenda kula na kwenda chooni. Yeye alikwama mbele ya kizingiti cha kimo cha kiganja. Watu walimpita kulia na kushoto, wengine wakamsalimu kwa kumsemesha kama mtoto. Alisema aliikumbuka nyumba yao ya Chemchem, vizingiti vyake vyote, akavihesabu moyoni mmoja mmoja.

Siri moja aliyorudi nayo ni ya hesabu, na nimeiandika katika daftari langu. Njia ya mteremko ya kupitishia kiti hicho hupimwa hivi: kwa kila kimo kimoja, urefu kumi na viwili. Kizingiti cha sentimita 15 chataka mteremko wa sentimita 180. Ukiufanya mfupi zaidi mtu hawezi kupanda peke yake, na akishuka huenda akapinduka.

Nilimwuliza kama amekwisha mtibu baba yake mdogo. Alinijibu kwa haraka, na kwa ukali kidogo, kuwa yeye ni wa mwaka wa kwanza na hana ruhusa ya kumtibu mtu. Kabla hajamaliza masomo atapaswa kufanya kazi kwenye mahospitali na majumbani chini ya macho ya wakubwa wake. Kipimo cha shirikisho la dunia ni saa zisizopungua 1,000. Alitumai kupelekwa Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Dodoma, kwani huko nako kazi hii ina mahali pake, na watu huirudia jembe na jiko taratibu kama wengine wanavyourudia mkono. Lakini alipokuwa akija likizo alimwuliza mwalimu wake, na mwalimu akamruhusu jambo moja: amwulize, amtazame, aandike.

Basi akakaa na daftari uwani, akamwuliza baba mdogo siku yake ilivyokuwa kabla ya kuanguka. Nililiona daftari hilo. Upande wa kushoto ameandika kuamka, kutawadha, kusali, uji, kunoa panga, kutembea msituni na fulani na fulani, kukagua mizinga, kula mihogo chini ya mti, kurudi, kuoga, barazani baada ya alasiri, bao, chakula, redio, kulala. Ukurasa mzima umejaa. Upande wa kulia, siku yake ya sasa: kulala, kugeuzwa, kula, kulala, kugeuzwa, kula, kulala. Mistari saba. Yule mzee alipoonyeshwa kurasa zile mbili pamoja alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kupatiwa miguu. Binti akamwambia ukweli, kuwa hilo hajui mtu wa kulitoa. Mzee akageuza uso ukutani. Siku tatu hakuzungumza naye, na shangazi alimwambia mwanawe kuwa amefanya ukatili, na kwamba mgonjwa haonyeshwi kilichopotea.

Mimi nilikuwamo nyumbani siku hizo na sikujua nani mwenye haki. Hata leo sina hakika kama mimi ningeliweza kumpa mtu kurasa zile.

Siku ya nne mzee mwenyewe alimwita. Hakutaka mizinga, wala kazi, wala kikapu, alisema wazi, "Mimi si msuka vikapu." Alitaka kuketi barazani baada ya alasiri. Hilo tu. Tangu aanguke wenzake walikuja kumtazama chumbani kwa zamu, wakisimama mlangoni kama watu waliokuja msibani, na sasa walikuwa wamepungua.

Tukapima. Kutoka chumba cha uwani mpaka barazani vilikuwamo vizingiti viwili na mlango mmoja mwembamba kuliko kiti chake. Seremala wa mtaani aling'oa fremu ya mlango akaupanua, akatengeneza miteremko miwili ya mbao kwa kipimo kile cha moja kwa kumi na mbili. Kuna aliyelalamika kuwa ubao umekula nafasi yote ya ukumbi, na ni kweli umekula. Juu ya shimo la choo akaweka kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye mikono ya kushikia. Mengine binti aliyaandika kwa herufi kubwa akayabandika ukutani, ayasome yeyote atakayemuuguza: akilala ageuzwe kila baada ya saa mbili; akiketi ajiinue kwa mikono yake kila nusu saa ili damu ipite; ngozi yake itazamwe kila usiku kwa taa; asiwekwe karibu na jiko, kwani mguu wake utaungua asijue.

Nilikuwapo alipotoka. Kulikuwa na watu watano wanacheza bao, na walipomwona hawakujua waseme nini, mpaka mmoja akamwambia, "Zamu yako ilikwisha pita, ngoja." Akangoja. Hakukaa hata saa moja, mgongo ulimchosha. Kesho yake akakaa zaidi. Kabla sijaondoka Tabora walikuwa wamekwisha mletea mzinga wa mbao, ule wa kisasa, uliolegea misumari, autengeneze hapo hapo barazani. Fedha aliyoipata ni ndogo, haitoshi hata sabuni ya mwezi, nami sitaki msomaji adhani kuwa amerudi kuwa mfuga nyuki. Miguu haikurudi. Vidonda viwili bado havijafunga. Lakini upande wa kulia wa lile daftari binti ameongeza mistari.

Sasa nirudi kwetu. Katika siku zile za Chemchem nilimwomba anichambulie uchumaji wa karafuu kama walivyochambua chai, na mimi nimweleze kila hatua. Tulifika usiku. Kupanda, kuvuta, kuchuma, kushusha, kuchukua, kuchambua, kuanika, kuanua, kutia magunia, kupima, kuandika hesabu. Alipoyaona yote yameandikwa akaniuliza, "Katika haya, kaka, ni mangapi yanayotaka miguu?" Kupanda kwataka miguu, na kuchukua. Kuchambua hakutaki ila mikono na macho. Kupima na kuandika ni mikono na hesabu. Kulinda karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi mvua isizikute ni kazi ya mwenye macho na sauti. Na sisi kila mwaka twalalamika kuwa hatupati watu wa kuaminika wa mizani na daftari, na huku mtu aliyechuma karafuu zetu miaka kumi yumo ndani anatazama dari.

Sisemi hivi kwa kuwalaumu walio na mamlaka. Fidia kwa walioanguka imewahi kutolewa kupitia ZSTC na ni jambo jema. Lakini fidia huliwa ikaisha, na haipanui mlango.

Kamati ya chama itakaa kabla ya wachumaji hawajaenda madagoni, na nimeruhusiwa kuyatangaza mambo matatu yatakayowekwa mbele yake. La kwanza ni kila dago liwe na ubao mmoja wa urefu wa mtu na mikanda ya kumfungia, na wanyapara wafundishwe namna ya kumwinua aliyeanguka. La pili ni daftari la wote walioanguka katika mashamba ya wanachama, waliopo hai, na hali zao, ili tujue ni wangapi na wako wapi. Mwanachama atakayeona haya kuliandika jina la mtu wake na aje kwangu faraghani. La tatu ni kumsaidia nauli na ada kijana mmoja wa kisiwani aende akaisomee kazi hii, mvulana au msichana. Mwenye mtoto aliyemaliza sekondari na kufaulu biolojia, kemia na fizikia amlete ofisini pamoja na vyeti vyake vya asili. Yule wa Chemchem ameahidi kuzungumza naye kwa simu kabla hajatia saini, amweleze habari za baridi na Kilatini. Ofisi hufunguliwa asubuhi siku zote isipokuwa Ijumaa.